Mgeni wa Tatu

Pembeni ya mtawala wa Moscow, katika ukumbi wa kupokelea mabalozi, paliwekwa beseni, birika na taulo. Mtawala akishampa mkono balozi wa dhehebu la Kirumi, hunawa. Habari hii tumeachiwa na Sigismund von Herberstein, mjumbe wa ukoo wa Habsburg, aliyefika Moscow mara mbili, mwaka 1517 na mwaka 1526, na ambaye mkono wake mwenyewe ulikuwa miongoni mwa ile iliyosababisha maji kumwagwa. Kitabu chake cha Kilatini kilitoka mwaka 1549. Kwa miaka mingi msomi wa Ulaya aliyetaka kuijua Urusi bila kuchoka njiani alikifungua hicho.

Utamu wa kisa hiki ni kwamba unajisi ulihesabiwa pande zote mbili. Mmoja ananawa, mwingine anaandika. Herberstein, baada ya kuona jinsi raia walivyomnyenyekea mtawala wao, akajiuliza: je, watu hawa ni wagumu mno kiasi cha kuhitaji mtawala katili, au ukatili wa mtawala ndio uliowafanya wagumu? Swali hilo halijakauka wino hadi leo, na watu wanaendelea kuliuliza wakidhani wamelibuni wenyewe. Wawili wale waliachana kila mmoja akiwa na hakika zaidi kuhusu yeye ni nani. Na maji yale yalimwagwa ndani ya ngome waliyoijenga ndugu wa hao hao walionawiwa. Kanisa kuu la Kremlin, ambamo watsar walikuwa wakitawazwa, lilisanifiwa na Aristotele Fioravanti wa Bologna na kukamilika mwaka 1479. Kuta na minara mingi ni kazi ya Waitalia waliomfuata. Sisi tunasema mgeni njoo mwenyeji apone. Moscow mgeni alikuja, mwenyeji akapona, kisha mwenyeji akanawa.

Kwamba watu hujijua kwa kumtazama asiye wao si habari mpya. Mwanaanthropolojia wa Norway, Fredrik Barth, alieleza mwaka 1969 kwamba kinacholiweka hai kundi la watu ni mpaka wake, wala si shehena ya mila iliyomo ndani ya mpaka huo. Nakubaliana naye. Ila nikiifuatilia historia ya Urusi na Ulaya, naona hesabu ya wawili haitoshi. Wanapotazamana hao wawili, karibu kila mara kuna wa tatu amesimama kando, ambaye hakuulizwa neno, na kwa mgongo wake ndipo wale wawili wanapopimana nani amestaarabika.

Ulaya yenyewe ilianza kuitwa jamii ya watu kwa njia hiyo. Mwaka 732 jeshi la Charles Martel lilipambana karibu na Poitiers na jeshi la Waislamu lililotoka Uhispania. Mwandishi mmoja wa Kilatini, ambaye kitabu chake cha matukio kinaishia mwaka 754, aliwaita askari wa Martel watu wa Ulaya, jina ambalo siku zile halikuwa la kawaida hata kidogo. Askari wenyewe walijijua kuwa Wafaranki na watu wa makabila mengine mengi. Aliyewaona kuwa kitu kimoja alikuwa Mkristo aliyeishi Uhispania chini ya utawala wa Waislamu, akiwatazama kutoka ng'ambo. Jina hilo halikushika mara moja. Lilihitaji hofu nyingine kubwa zaidi.

Hofu hiyo ilikuja Constantinople ilipoangukia mikononi mwa Waturuki mwaka 1453. Mwaka uliofuata, mjini Frankfurt, Enea Silvio Piccolomini, ambaye baadaye alikuwa Papa Pius II, aliwaeleza wakuu wa Ujerumani kuwa safari hii Wakristo wamepigwa nyumbani kwao, na nyumba hiyo akaitaja kuwa Ulaya. Moscow nayo iliulilia mji ule ule, lakini somo ililolipata lilikuwa kinyume. Wagiriki walikuwa wamekubali kuungana na Roma kwenye mtaguso wa Florence mwaka 1439. Kwa macho ya Moscow, mji uliangushwa na Mungu kwa sababu ulimpa Mlatini mkono na haukunawa. Miongo kadhaa baadaye mtawa Filofei wa Pskov aliandika kwamba Roma mbili zimeanguka na ya tatu, Moscow, imesimama. Mturuki mmoja, msiba mmoja, na warithi wawili ambao kila mmoja alimtoa mwenzake kwenye urithi.

Mwaka 1652 Tsar Aleksei aliamuru wageni kutoka nchi za magharibi wakae kitongoji chao, nje ya mji, kando ya Mto Yauza. Nia ilikuwa kuwatenga wasiwaharibu Wakristo wa kweli. Mwanawe Petro akakigeuza kitongoji hicho kuwa mahali pa kunywea, pa kupendea na pa kujifunzia. Alipotoka katika safari yake ndefu ya Ulaya ya miaka ya 1697 na 1698, aliwanyoa makabaila wake ndevu kwa mkono wake mwenyewe, na baadaye aliyetaka kubaki na ndevu alilipa kodi na kupewa sarafu ya shaba kama risiti. Watu hucheka wanaposoma habari hii. Mimi inanitisha kidogo. Kwa wembe mmoja, mkulima wa Kirusi, ambaye hakuhama hata hatua moja kutoka kijijini kwake, aligeuka kuwa mgeni katika nchi yake, kwa kuwa yeye ndevu zake hazikuguswa.

Katika nyumba ya Petro huyo huyo alilelewa mtoto Mwafrika. Alichukuliwa kutoka Istanbul, akabatizwa Vilnius mwaka 1705, naye Petro akiwa baba yake wa ubatizo. Wanahistoria wanabishana kama alizaliwa upande wa Eritrea na Ethiopia au upande wa kusini mwa Ziwa Chad. Abram Petrovich Gannibal alisomea uhandisi wa kijeshi Ufaransa, akapanda hadi cheo cha jenerali, na kitukuu chake ni Aleksandr Pushkin, ambaye Warusi humhesabu kuwa baba wa fasihi yao. Mwaka 1830 mwandishi wa magazeti Faddey Bulgarin alimkejeli Pushkin kwa kudokeza kwamba babu yake alinunuliwa na nahodha kwa chupa ya pombe. Pushkin alimjibu kwa shairi kali. Ninachokipenda katika ugomvi huo ni asili ya Bulgarin mwenyewe: alikuwa Mpolandi aliyewahi kupigana katika jeshi la Napoleon. Mgeni alikuwa akimcheka mgeni, tena jamvini kwa Warusi, ili yeye aonekane mwenyeji.

Sasa tuje kwenye ramani, kwa kuwa hapo ndipo mchezo huu ulipochorwa kwa wino. Wanajiografia wa kale waliuweka mpaka wa Ulaya na Asia kwenye Mto Don, jambo lililoiacha sehemu kubwa ya nchi ya watsar upande wa Asia. Mwaka 1709 Petro aliwashinda Waswidi huko Poltava. Katika vita hiyo alitekwa ofisa aliyekuja kujulikana kwa jina la Strahlenberg, akapelekwa Tobolsk, Siberia, akakaa huko miaka kama kumi. Kwa kukosa la kufanya alikusanya habari za lugha na watu, akachora ramani. Kitabu chake kilitoka Stockholm mwaka 1730, na ndani yake mpaka wa Ulaya ulikuwa umesogea hadi Milima ya Ural. Vasily Tatishchev, mtumishi wa serikali aliyesimamia migodi ya huko, alidai kwamba yeye ndiye aliyempa mateka yule wazo hilo. Basi mpaka wa bara zima, unaofundishwa shuleni kama kwamba uliumbwa siku moja na bahari, ni mazungumzo ya mateka wa Kiswidi na ofisa wa migodi. Milima yenyewe, kwa taarifa, kilele chake kirefu kabisa hakifiki mita 2,000. Uluguru inaipita.

Lakini kazi iliyofanywa na mpaka huo ni kubwa. Uliipa Urusi nyumba upande mmoja na koloni upande wa pili, kama Mwingereza alivyokuwa na London huku na Bengal kule. Siberia haikuwa tena nyika iliyoungana na uwanja wa mbele. Ilikuwa Asia, na mwenye Asia yake ni nani kama si Mzungu? Katika maagizo yake ya mwaka 1767, Katarina wa Pili alitangaza waziwazi kuwa Urusi ni dola ya Ulaya. Tangazo la namna hiyo hutolewa na mtu anayejua kwamba kuna anayebisha.

Na wabishi walikuwepo. Voltaire aliandika historia ya Petro Mkuu bila kukanyaga Urusi hata mara moja. Mwanahistoria Larry Wolff, katika kitabu chake cha mwaka 1994, anaonyesha kwamba wasomi wa karne ya 18 ndio walioipasua Ulaya upya: zamani iligawanyika kaskazini na kusini, ustaarabu ukiwa Italia na ushenzi ukiwa kwenye theluji, wao wakaigawa magharibi na mashariki, wakaiweka Paris mahali pa Roma. Poland na Urusi zikatiwa katika kapu moja, kwa hasira ya zote mbili. Mjerumani alimwona Mpolandi kuwa nusu ya Asia, Mpolandi akamwona Mrusi hivyo hivyo, Mrusi akamwonyesha kidole Mtatari. Hata mwaka 1983, Milan Kundera, Mcheki aliyekuwa uhamishoni Paris, aliitetea nchi yake kwa kusema kwamba Ulaya ya kati ilikuwa ya magharibi tangu mwanzo na ikatekwa na ustaarabu mwingine. Uchungu wake ulikuwa wa haki, vifaru vilikuwa vya kweli. Lakini hakupata njia ya kumtoa ndugu yake gizani bila kumsukuma mwingine ndani.

Napoleon alipoingia Urusi mwaka 1812, Paris ilichapisha kitabu chenye kile kilichodaiwa kuwa wasia wa siri wa Petro Mkuu, mpango wa kuitawala Ulaya yote. Ulikuwa uzushi mtupu, na uliendelea kutajwa miaka mingi baadaye kila vita ilipokaribia. Upande wa pili wa vita hiyo hiyo kuna kisa ambacho sichoki kukifikiria. Denis Davydov, askari wa farasi na mshairi, aliongoza kikosi cha kuwavizia Wafaransa nyuma ya mstari wao. Alipofika vijijini, wakulima wa Kirusi walikishambulia kikosi chake kwa mashoka. Sare zake kwao zilikuwa kama za adui, na Kirusi cha mabwana hawakukiamini. Davydov akafuga ndevu, akavaa kaftani ya mkulima, akavua nishani shingoni na kuning'iniza picha ya Mtakatifu Nikolai, akajifunza kusema kama watu wanavyosema. Ile sarafu ya shaba ya Petro ilikuwa imeleta deni, na deni lilidaiwa kwa shoka.

Baada ya kumshinda Napoleon, Warusi waliosoma walianza kuulizana sisi ni nani, na mabishano yakawa makali. Mwaka 1836 jarida la Teleskop lilitoa barua ya Pyotr Chaadaev, iliyoandikwa awali kwa Kifaransa, iliyosema kwamba Urusi haina historia yake, haikuchukua chochote cha maana kutoka mashariki wala magharibi, na haijaipa dunia kitu. Jarida lilifungwa, mhariri akafukuzwa mjini, na Chaadaev akatangazwa na serikali kuwa mwendawazimu, akawa anatembelewa na daktari nyumbani. Waliompinga, ambao historia inawaita wapenda-Uslavi, walijibu kwamba Urusi ina roho ambayo Ulaya imeipoteza. Wengi wao falsafa hiyo waliipata kwa walimu wa Kijerumani. Mmoja wao, Konstantin Aksakov, aliamua kuvaa mavazi ya kale ya Kirusi, na katika mji kukawa na utani, ambao mwandishi Herzen anausimulia na kusema ni wa Chaadaev, kwamba watu barabarani walidhani ni Mwajemi.

Nadhani hakuna kejeli iliyoeleza mambo vizuri kuliko hiyo. Mtu anajitoa katika Ulaya ili awe Mrusi halisi, na Warusi wenzake wanamwona mtu wa Asia. Ule mlango wa tatu, wa Asia, ulikuwa wazi muda wote na hakuuona.

Baadaye mlango huo ulitumiwa kwa makusudi. Mwaka 1864, majeshi ya Urusi yalipokuwa yakisonga mbele katika Asia ya Kati, waziri wa mambo ya nje Gorchakov alizipelekea serikali za Ulaya waraka wa kueleza sababu. Alisema hali ya Urusi ni hali ya kila dola iliyostaarabika inapopakana na watu wa kuhamahama wasio na utaratibu, akatoa mifano: Marekani katika bara lake, Ufaransa nchini Algeria, Uholanzi katika makoloni yake, Uingereza nchini India. Maana yake, kama nyinyi ni Wazungu kwa sababu hiyo, basi na sisi tumo. Mnamo Januari 1881 jeshi la Urusi chini ya Jenerali Skobelev liliteka ngome ya Geok-Tepe na kuua Waturkmeni kwa maelfu. Dostoevsky, aliyekuwa anakaribia kufa, alishangilia. Hoja yake, kwa maneno yangu, ni kwamba Ulaya inatuona Watatari na watumwa, ila tukienda Asia tunakuwa mabwana na Wazungu. Mwandishi aliyeichimba roho ya mwanadamu kuliko wengi hakuwa na hata sentensi moja ya huruma kwa mtu aliyelipia upandishaji cheo huo.

Karibu miaka minne baadaye, Novemba 1884, wajumbe wa nchi 14 walikutana Berlin kujadili Afrika. Urusi ilikuwepo. Haikuwa na ardhi iliyoitamani huku kwetu, lakini kukosa kiti hakukufikirika. Milki ya Waturuki nayo ilialikwa, ile iliyokuwa jini la Ulaya kwa karne nne. Aliyehesabiwa kuwa nje ya Ulaya miaka 400 alikuwa na kiti mezani alipopatikana aliye nje zaidi yake. Wa kwetu hakuwepo hata mmoja. Mwaka 1889 Makosaki wachache wakiongozwa na Nikolai Ashinov walijaribu kuanzisha makazi Sagallo, katika Djibouti ya leo, na Februari mwaka huo manowari za Kifaransa zikawapiga mizinga. Tsar hakuwatetea.

Mtu mmoja aliiona hila hii yote mapema na kuitaja kwa jina lake. Nikolai Trubetzkoy, mwana wa ukoo wa makabaila, alikimbia mapinduzi ya Wabolsheviki na mwaka 1920, akiwa mkimbizi mjini Sofia, alichapisha kijitabu juu ya Ulaya na binadamu wengine. Hoja yake ni kwamba kinachoitwa ustaarabu wa dunia nzima ni utamaduni wa mataifa machache ya Kirumi na Kijerumani uliovishwa joho la ubinadamu wote; kwamba kipimo cha nani yuko mbele na nani nyuma kimetengenezwa na mshindani mmojawapo; na kwamba taifa likikikubali kipimo hicho, wasomi wake hugeuka wageni kwa watu wao na hujidharau daima. Hayo yaliandikwa zaidi ya miaka 30 kabla ya Fanon kuandika dhidi ya ukoloni. Namsoma kama ndugu.

Kisha ninasita. Trubetzkoy na wenzake waliendelea kujenga nadharia ya Eurasia: Urusi si Ulaya wala Asia, ni dunia yake, na Genghis Khan ni mmoja wa waasisi wake. Mmongolia aliyekuwa aibu sasa akawa babu, na Mzungu aliyekuwa kioo akawa adui pekee. Gurudumu lilizungushwa, ekseli ikabaki palepale. Kazakhstan na Buryatia hazikuulizwa kama zinataka kuwa dunia moja na Moscow. Trubetzkoy alikuwa pia mwanaisimu mkubwa, na katika isimu alionyesha kwamba sauti haina thamani peke yake: tofauti ya sauti mbili ndiyo inayotutenganishia pata na bata. Sheria hiyo ni safi kabisa kwa konsonanti. Kwa watu, sauti ya tatu hutafutwa ikanyagwe. Mwaka 1938, Vienna, baada ya Hitler kuichukua Austria, Gestapo walipekua nyumba yake kwa sababu aliandika kuipinga nadharia yao ya rangi. Alikufa mwaka huo.

Moscow ya Kisovieti ilimkumbuka mgeni wa tatu, safari hii kwa ukarimu. Chuo kikuu kilichofunguliwa mwaka 1960 kwa ajili ya vijana wa Afrika, Asia na Amerika ya Kusini kilipewa jina la Patrice Lumumba mwaka 1961. Vijana wengi wa Afrika ya Mashariki walisoma huko bure, wakarudi madaktari na wahandisi, na mema hayo hayafutiki. Lakini Desemba 1963, baada ya mwanafunzi Mghana kukutwa amekufa kando ya barabara nje ya Moscow, mamia ya wanafunzi Waafrika waliandamana hadi Uwanja Mwekundu wakiilinganisha Moscow na Alabama. Walikuwa wamealikwa ili wathibitishe kwamba Usovieti si Ulaya ya wakoloni. Hawakuwa wametarajiwa kuwa na maoni. Jina la Lumumba liliondolewa mwaka 1992, Urusi ilipotaka kurudi Ulaya, na miaka minne baadaye nchi hiyo ikaingia Baraza la Ulaya. Ilitolewa humo Machi 2022. Jina la Lumumba likarudishwa mwaka 2023. Sidhani kama kuna kipimo chepesi zaidi cha kujua Moscow inatazama upande gani.

Kuna jambo moja, hata hivyo, ambalo nadharia zote za mgeni hazikuniandaa nalo. Tumezoea kudhani kwamba dhuluma huanza mtu anapofanywa mwingine. Julai 2021 Rais Putin alitoa makala ndefu akisema Warusi na Waukraine ni watu wamoja. Hakumwita Muukraine mgeni. Alimnyima haki ya kuwa mgeni. Miezi saba baadaye vifaru vilivuka mpaka kwenda kumrudisha nyumbani mtu ambaye alikuwa nyumbani kwake tayari.

Siku chache kabla ya uvamizi huo, Urusi ilipoyatambua majimbo mawili ya Ukraine kuwa nchi huru, balozi wa Kenya katika Umoja wa Mataifa, Martin Kimani, alizungumza katika Baraza la Usalama. Alikumbusha kwamba mipaka yetu haikuchorwa na sisi, ilichorwa London, Paris na Lisbon. Kwamba ng'ambo ya karibu kila mpaka tunao ndugu wa damu na lugha. Na kwamba lau tungeamua kuwafuata kwa silaha, tungekuwa bado tunapigana hadi leo. Magazeti na runinga za Ulaya zilimsifu sana. Katika hotuba hiyo hiyo alilaani pia tabia ya mataifa yenye nguvu, wakiwemo wajumbe wa Baraza lile, ya kuivunja sheria ya kimataifa kila yanapojisikia. Kipande hicho sikukiona kikirushwa mara nyingi.